Nyota Zilizozaliwa Siku ya Mazishi

Ulikuwa mwaka wa mgongo wazi. Ukiniuliza tarehe sina, lakini mtu yeyote wa Dunga, ufuoni kwetu Kisumu, ukimtajia mwaka wa mgongo wazi atakwambia alikuwa wapi na alikuwa na nguo gani. Gugu maji lilikuwa limeziba ufuo, mashua zimevutwa nchi kavu, wavuvi wanacheza bao mchana kutwa. Sangara wachache waliopatikana walikwenda kiwandani, nyama ikachunwa ikasafirishwa kwa wenye pesa, sisi tukarudishiwa kichwa na mfupa wa katikati. Huo ndio mgongo wazi. Niliukaanga mpaka ukavunjika kama biskuti, tukaula na ugali wa muhogo na mtama, maana unga wa mahindi ulikuwa umegeuka kitu cha harusi. Hakuna mtu alinenepa. Lakini katika boma langu hakuna aliyelala njaa, na naliandika hilo kwanza kwa sababu aliyekuwa kwenye karai ni mimi.

Nilisoma mpaka darasa la nne. Naandika kama ninavyosema. Asiyependa na aweke chini.

Mjukuu wangu ninayetaka kumwandika ni mtoto wa binti yangu wa kwanza. Nilimchukua alipoacha kunyonya. Alilala nyumbani kwangu na wasichana wengine wa boma, vile na sisi tulivyolala kwa nyanya zetu, taa ikizimwa ndipo mafundisho yanaanza. Nilimfundisha kuparua samaki bila kujikata, kufunga leso isifunguke, na kumjibu mtu mzima kwa heshima bila kulala chini. Hesabu alijifundisha mwenyewe. Mimi sijui alizitoa wapi. Baba yake alikuwa hawezi hata kukumbuka siku ya kurudi nyumbani.

Sasa yuko chuo kikuu, kule Bondo. Nasema hivyo kwa kila mtu anayenunua samaki kwangu, hata asiyeuliza.

Siku hiyo alikuja likizo, laptopu kwenye begi, akanikuta jikoni. Hakukaa hata.

"Dani, nimepewa darubini!"

Dani ni nyanya, kwa lugha ya kwetu.

"Iweke kabatini," nikamwambia. "Hapa kuna moshi."

"Haiko hapa. Iko Australia."

"Basi hujapewa. Mtu anakupa mbuzi aliye zizini kwa jirani, na wewe unashangilia?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akachukua kigoda akanieleza polepole. Iko darubini kubwa, imewekwa jangwani huko, peke yake, ndani ya nyumba ambayo paa lake linafunguka. Hakuna mtu anayeishika. Unaiamuru kwa kompyuta kutoka mahali popote: geuka huku, fungua jicho, ngoja, funga. Wanafunzi wa nchi nyingi wanaiomba. Yeye alikuwa ameiomba muda mrefu na sasa amepewa zamu moja, Jumamosi ya wiki iliyofuata, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi.

"Nyota mchana?"

"Huko kwao ni usiku, Dani."

Hilo nilikuwa najua, nilisahau tu.

"Na ukikosa hiyo zamu?"

Hapo akaacha kucheka. "Anapewa anayefuata. Mimi sipati tena. Na bila picha sina kazi ya mwisho, na bila kazi ya mwisho simalizi na wenzangu."

Nikageuza samaki. Nikamuuliza anataka kupiga picha ya nini hasa, maana nyota ni nyingi. Akaniambia ya zile tatu zilizokaa mstari, zile wavuvi wote wanazijua. Chini yake kuna kadoa kenye ukungu. Mimi hako kadoa nimekaona miaka yote, na miaka yote nilidhani ni macho yangu.

"Si macho yako. Ni wingu la gesi na vumbi. Kama moshi, lakini mkubwa kuliko unavyoweza kufikiria. Ndani yake nyota zinazaliwa."

"Mkunga ni nani?"

"Hakuna mkunga. Huo moshi unajivuta wenyewe kwa uzito wake, unakazana, unakazana, katikati panapata joto mpaka panawaka. Hiyo ndiyo nyota changa."

"Na inalia?"

"Dani!"

Niliuliza tu. Kitu kikizaliwa lazima uulize.

Haikupita wiki, shemeji yangu akafariki Muhoroni. Alikuwa ndugu wa marehemu mume wangu, dereva wa trekta la miwa, mtu mzuri, mlevi kidogo, aliyeniletea sukari kila alipokuja kwa sababu alijua kwa chai yangu sina mchezo. Hakuwa amejenga boma lake, kwa hivyo azikwe kwa baba yao, yaani kwetu. Wazee wakakaa, wakapanga siku. Jumamosi. Ile ile.

Sasa msomaji asiye wa ziwani lazima ajue jambo moja. Kwetu, mtu wa boma akifa, kazi inasimama. Mpaka azikwe, jembe haliingii shamba, mbegu haishuki ardhini, hakuna anayevuna. Anayevunja anajiletea chira, laana ya mwiko, na chira si malaria ya kumeza dawa. Inakukausha wewe, ikimaliza inakwenda kwa watoto wako. Kuisafisha ni mbuzi, na dawa za mitishamba mnazokunywa pamoja. Mimi si mtu wa kucheka mambo hayo. Wiki hiyo mvua kubwa ilikuwa inanukia, shamba langu liko tayari, majirani wa boma lingine wanapanda mbele ya macho yangu, na jembe langu nililiacha ukutani.

Lakini mazishi yalipangwa saa sita. Nikamwambia mtoto asiwe na wasiwasi. "Tutazika, utapakulia watu chakula, utaosha mikono, utakwenda kwa darubini yako." Nilipiga hesabu vizuri, ila niliwasahau waheshimiwa.

Asubuhi ya Jumamosi mvua ilinyesha. Si nyingi, lakini ya kulowesha mahema. Wanawake niliokuwa nao jikoni wakaanza kunipa pole.

"Mama, nyota za mjukuu wako zimenyeshewa," mmoja akasema, mke wa jirani.

"Ndiyo kusoma huko. Mtu anapanga na mbingu bila kuiuliza," mwingine akadakia.

Hata mimi niliamini. Nilikwenda kwa mtoto nikamwambia pole mwanangu, Mungu atakupa siku nyingine. Akaniangalia kama mtu anayejizuia kucheka.

"Dani, mvua iko Dunga. Darubini iko Australia."

Akanionyesha kwenye laptopu picha ya mbingu ya huko, jua lilikuwa linazama. Duara, kama unaangalia ndani ya sufuria. Hakuna wingu hata moja. Nikarudi jikoni nikawaambia wale wanawake kwamba wao ni wajinga, mvua iko Dunga na darubini iko Australia. Sikusema kwamba na mimi nilikuwa nimejifunza muda huo huo.

Mwili ulifika mapema kutoka mochari. Lakini saa sita ilipita, waheshimiwa bado wanasema. Saa saba ikapita, wanasema. Mheshimiwa wa kwanza alimpa marehemu sifa ambazo hata mke wake hakuzitambua. Wa pili aliomba kura. Wa tatu alikuja kwa gari refu, akaomba radhi kwa kuchelewa, akatumia muda mrefu kuomba radhi kuliko muda aliochelewa. Jeneza liko pale chini ya hema, na mbele yake watu wanapigiwa makofi.

Saa saba na nusu mtoto alikuja nyuma ya jiko, mwiko mkononi, aproni imelowa mchuzi. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

"Dani, ni nusu saa."

"Nenda nyumbani kwangu. Fungua hiyo mashine. Nakuja."

Shemeji yangu aliyebaki, kitinda mimba wao, ndiye alikuwa mwenye mazishi. Mtu wa suti, wa kupanga viti. Alimwona mtoto akipita, akaja kwangu mbio na karatasi ya ratiba ikipepea.

"Mama, huyo anaenda wapi na wageni hawajala?"

"Ana kazi."

"Kazi? Ndugu yangu bado yuko juu ya ardhi na mtu ana kazi katika boma hili?"

Alisema kwa sauti, makusudi. Wazee waliokuwa wanakunywa chai upande ule wakageuza shingo wote pamoja. Ikabidi nieleze: darubini, zamu, saa nane. Nilieleza vibaya lakini walishika.

Mzee mkubwa wao, asiye na meno mbele, akauliza, "Hiyo mashine iko wapi?"

"Australia, Mzee."

"Kwa nani?"

"Kwa watu wa huko."

"Basi si ardhi yetu. Ardhi iliyofiwa ni hii. Kule hawajui hata kama tumefiwa."

Nikaona njia inafunguka. Lakini mwingine akaifunga. "Na kidole? Kidole cha kubonyeza kitakuwa wapi?"

"Kidole kitakuwa hapa," nikakubali. Uongo nisingeweza.

"Basi kazi iko hapa. Kazi inafuata mkono."

"Wewe," mke wa jirani akamrukia akiwa ameshika sinia, "kijana wako yuko Nairobi, wiki hii yote alienda ofisini, na marehemu ni ami yake. Mkono wake hauna matanga?"

"Nairobi ni Nairobi!"

"Na Australia ni nini, Nyalenda hapo jirani?"

Watu wakacheka, katika mazishi, mpaka mheshimiwa kwenye kipaza sauti akadhani ni yeye amechekesha, akaongeza. Mama mmoja mzee akashauri kwamba hata wakikubali, mashine itolewe nje, ndani ya mabati itaona nyota gani? Mwingine akamuunga mkono. Shemeji yangu akapandisha sauti. "Huyo si hata mtoto wa boma hili! Ni mtoto wa binti. Atuletee chira halafu arudi kwa baba yake?"

Neno hilo lilistahili jibu. Lakini dakika zilikuwa zinakwenda, na nikaona wanaume hawa wataamua vizuri kabisa, ila wataamua saa kumi na moja. Nikaosha mikono kwa sabuni na majivu mpaka mafuta yakatoka, nikawaacha wakibishana.

Mtoto alikuwa amekaa kitandani kwangu, laptopu juu ya stuli, simu yangu kwenye dirisha kwa sababu mtandao ulikuwa unatoka kwenye simu yangu. Alikuwa ameweka mikono kwenye mapaja. Hajagusa kitu.

"Nimesikia," akasema. "Wacha tu, Dani."

"Nionyeshe pa kubonyeza."

"Wewe?"

"Mimi ni mke wa kwanza wa boma hili. Hapa mbegu ya kwanza naweka mimi, mavuno ya kwanza naonja mimi, wengine ndio wanafuata. Hata nyanya zako wadogo wanajua. Kama kuna kosa, liwe la kidole changu. Wapi?"

Akanishika kidole kama mimi nilivyomshika chake alipojifunza kuandika. Nikabonyeza. Sikusikia chochote. Nilikuwa nimetarajia hata mlio. Kumbe mbali huko, kitu kikubwa kuliko nyumba yangu kilikuwa kinageuza shingo kwa sababu ya mwanamke wa kukaanga samaki.

"Imegeuka," akasema. "Imepata. Sasa inaangalia."

Kazi ya kuangalia ni ndefu. Sikujua. Nilidhani picha ni kama ya kitambulisho, unakodoa macho na imekwisha. Kumbe jicho linafunguliwa likae wazi muda, likusanye mwanga kidogo kidogo, lifungwe, lifunguliwe tena, picha nyingi, baadaye zinalazwa moja juu ya nyingine. Mwanga wenyewe ni mchovu, umetoka huko kabla babu za babu zetu hawajafika kwenye ziwa hili.

Shida ikawa simu. Siku ya mazishi simu ya mama mwenye boma hailali. "Mmefika wapi, mwili umeshuka?" Kila ikiita mtandao unakatika, mtoto anafumba macho. Darubini haikusimama, alisema, ila yeye hawezi kujua kama wingu limeingia au jicho limeteleza. Basi nikakaa dirishani nikiwakata watu. Nilimkata dada yangu. Nilimkata mchungaji. Nilimkata mtu wa mahema, na huyo kwa furaha.

Picha ya kwanza ikashuka. Ilikuwa ya kijivu tu, rangi ya jivu la jikoni. Nikataka kumpa pole mtoto. Halafu nikaangalia vizuri. Moshi ulikuwa umejikunja, una mapango na mabawa, na katikati palikuwa na mwanga, na ndani ya mwanga vitone vinne vimebanana kama vifaranga chini ya mama yao.

"Hizo?"

"Hizo. Ndizo zinawasha moshi wote huo. Changa sana. Na huku gizani ziko nyingine bado hazijatoka."

Mimi nimezaa watoto sita, nimezalisha wanawake wengi kuliko sita. Nikajua ninachokiangalia. Sikuhitaji Bondo.

Nje wimbo ukaanza, ule wa kushusha jeneza. Nikamwacha na simu, nikamwonyesha kitufe cha kukata watu, nikaenda kaburini. Nilimlilia shemeji yangu kama inavyopasa, nikatupa udongo wangu. Nikarudi. Mtoto alibaki mpaka saa kumi ilipogonga na darubini ikapewa mtu mwingine, sijui wa nchi gani. Kisha akavaa aproni akapakulia wageni waliobaki, na alinyoosha mgongo akipakua.

Picha aliimaliza baada ya siku kadhaa. Alizilaza zile picha, akaweka rangi kwa kupima, nyekundu pale penye gesi fulani, buluu pale penye vumbi linalorudisha mwanga. Akaipeleka kwa walimu wake, wakaipokea. Nakala ya pili akaniprintia katika duka moja la mjini Kisumu, nikaiegemeza kwenye meza.

Hapo ndipo kikao cha familia kikaitwa, kile cha kufunga mambo ya mazishi. Nani alileta nini, mjane atakaa wapi. Yote yakaisha vizuri. Halafu shemeji yangu akasimama, akashika koti.

"Kuna jambo la zile nyota. Picha za kwanza zilichukuliwa ndugu yetu akiwa juu ya ardhi. Mama alibonyeza mwenyewe, na alisema mwenyewe ni kama kuweka mbegu, watu walisikia dirishani. Sisi hatutaki ugomvi. Tunaomba mbuzi mmoja, tusafishe, tusahau."

Mtoto alikuwa karibu yangu. Akaninong'oneza, "Dani, toa tu. Nitakulipa nikipata kazi. Yaishe."

Ni mtoto mwerevu sana na hapo alikuwa hajui kitu. Mbuzi ninao. Mbuzi mmoja haniumizi. Lakini mbuzi akitoka zizini, kosa limeingia nyumbani. Limekubaliwa, limeliwa na mchuzi wake, kila mtu ni shahidi. Kesho akichelewa kupata mimba, ni zile nyota. Ndoa ikimsumbua, ni zile nyota. Ng'ombe wa mtu akianguka kwenye mtaro, muulizeni yule mtoto wa binti, si mnakumbuka tulikula mbuzi wake? Wangemtundikia kila kitu maisha yake yote, na msumari ningekuwa nimeupigilia mimi.

Nikasimama. Magoti yalilia, nikayaacha yalie. Nikachukua picha mezani nikaiweka mbele ya wazee.

"Ni kweli nilisema mbegu," nikawaambia. "Nilisema kabla sijaona. Sasa angalieni. Hapa nani amelima? Hivi vinne ni vichanga. Vilikuwa vinazaliwa nikibonyeza au nisibonyeze. Mwaka ule mvua ilipobomoa daraja, mke wa huyu" — nikamwonyesha mzee wa kidole, yule aliyesema kazi inafuata mkono — "alijifungua katika boma hili hili, na mama mkwe wangu amelala kwenye jeneza sebuleni. Nilimzalisha mimi. Nani alidaiwa mbuzi?"

Mzee wa kidole akajimiminia chai nyingine.

"Hayo ni mambo mengine, Mama," shemeji akasema.

"Ni hayo hayo. Mbuzi sitoi. Siku ya msiba tumekatazwa kupanda, hatukukatazwa kuzaliwa."

Mzee asiye na meno akaivuta picha karibu, akaigeuza juu chini, akairudisha, akauliza kama kile cha pembeni nacho kinakaribia kutoka. Mtoto akamjibu kwamba ndiyo, kinakaribia. Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayeambiwa habari za mkwe wake mjamzito.

Shemeji yangu hakupenda. Akaja mpaka mbele yangu. "Mama, unacheza na chira. Nakuuliza mara ya mwisho, mbele ya wazee wote na huyo mtoto akisikia. Unatoa mbuzi au hutoi?"

Nikamshika mtoto mkono ili asimame na yeye.

"Mbuzi sitoi. Siku ya msiba tumekatazwa kupanda, hatukukatazwa kuzaliwa."